Riwaya Isiyokuwa na Ng'ombe

Jumatano, 13 Novemba. Mawingu yalijikusanya tangu alfajiri upande wa ziwa, upepo ukasukuma vumbi jekundu la barabara mpaka ndani ya kabati la vyombo, halafu mawingu yakapita bila kudondosha tone. Majirani waliokuwa wametoa ndoo nje wamezirudisha ndani.

Leo shangazi yangu ametoa uamuzi juu ya daftari langu. Nataka kuandika ilivyokuwa nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini. Mimi niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikirudia nilichoandika juma lililopita naona nimejipendelea. Safari hii nitajitahidi nisijipendelee.

Nianze na riwaya zenyewe. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi za ndani Shinyanga mjini, kwa familia ya Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa. Mwalimu mmoja aliyepanga chumba chao cha uani alihama akaacha sanduku la vitabu vya Kiswahili. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Chukua, lakini vyombo kwanza." Karibu vyote vilikuwa vya aina moja: mapenzi ya zamani, enzi za Mwingereza, katika miji midogo ya kandokando ya ziwa. Gati moja, duka moja, kanisa juu ya kilima, meli inayokuja mara moja kwa juma. Msichana, kijana mgeni, barua inayochelewa. Nilivisoma mpaka majalada yakatoka.

Mimi mwenyewe nimezaliwa karibu na mji wa namna hiyo, upande huu wa Geita, lakini wa kwenye vitabu niliuona bora kuliko wetu. Haukuwa na inzi. Watu wake hawakuwa na kazi za kuwachosha, walikuwa na muda wa kutazama maji. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini katika miji ile yote hakuna mtu anayechunga wala anayekamua. Niliona ndivyo mapenzi yanavyotakiwa kuwa.

Miaka mitatu iliyopita nikaanza kuandika ya kwangu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa na mbegu moja tu, niliyopewa na marehemu mama tukichambua mchele. Alisema, "Shangazi yako alikuwa na mtu wake, karani wa kinu cha pamba. Meli ilikuja kumchukua karani, shangazi yako hakwenda." Nikamuuliza kwa nini. Mama akasema niangalie mchele, nimeacha jiwe. Hakuongeza neno mpaka anakufa.

Kutokana na maneno hayo nikajaza madaftari manne. Nilirudisha mambo nyuma mpaka enzi za Mwingereza, nikampa msichana jina lisilo la ukoo wetu, nikadhani nimemficha vya kutosha. Mwishoni nilimleta gatini na kikapu chake, meli ikapiga honi, naye akabaki amesimama kwa sababu aliogopa. Niliandika hivyo hivyo, "aliogopa", kwa sababu sikujua sababu nyingine.

Kibanda changu cha kushona kiko hapa hapa mtaani kwetu Kalangalala, Geita mjini, tuko mafundi wawili. Tuna desturi yetu: mchana jua likiwa kali na wateja wachache, mmoja anashona na mwingine anasoma kwa sauti. Fundi mwenzangu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alimwacha mume huko Kahama, akaja Geita na mashine ya cherehani kwenye toroli. Ana sauti ya kusoma ambayo mimi sina. Alisoma madaftari yangu yote, akayarudia, mpaka wateja wakawa wanaleta nguo zisizohitaji kushonwa ili wakae wasikilize. Nilifurahi kupita kiasi. Nalitaja hili kwa sababu lina sehemu katika kosa.

Mwishoni mwa Oktoba shangazi akaja kutoka Tinde kutolewa mtoto wa jicho. Ni dada wa baba yangu, na ndiye mtu mzima pekee niliyebakiwa naye upande huo. Hajui kusoma. Mume wake alifariki zamani, ana watoto sita na wajukuu ambao hata yeye huwachanganya. Alipotolewa hospitali na bandeji kwenye jicho la kushoto, hakutaka kubaki nyumbani na mume wangu. "Mzee wako anakohoa kama anagombana na mtu," alisema. "Nipeleke kazini kwako nisikie watu." Nikamweka kwenye kigoda karibu na mlango wa kibanda.

Ilikuwa siku ya tatu ya kukaa pale. Mimi nilikuwa na sare za wanafunzi za kupiga pindo, kwa hiyo zamu ya kusoma ilikuwa ya mwenzangu. Akachukua daftari la nne. Ningeweza kumwambia asome kitu kingine. Nilifikiria kumwambia. Lakini walikuwapo wateja watatu wanaongoja, na kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka shangazi asikie kwamba mtoto wa kaka yake anaandika. Basi nikainamia mashine.

Alisoma vizuri mno. Alipofika pale meli inapoondoka na msichana amesimama, akafunga daftari na kusonya.

"Huyu msichana mwoga bwana. Ananiudhi kila nikimsoma."

Mteja mmoja akasema, "Labda alikuwa mdogo."

"Mdogo wapi? Ameposwa huyo. Mimi ningepanda ile meli hata na ndoo ya maji kichwani. Watu wa zamani walipenda kuteseka tu, halafu wanatuita sisi wahuni."

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Niliandika mwanzoni kwamba sitajipendelea, basi hilo nalo liwemo: nilicheka.

Shangazi alikuwa ametuelekezea lile jicho zima. Akauliza taratibu, "Huyo msichana ameposwa kwa kitu gani?"

"Mahari ilishalipwa, bibi," mwenzangu akajibu. "Imeandikwa mwanzoni."

"Nimesikia. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa hiyo mahari. Wamefika kwa baba yake, halafu wakaenda wapi?"

Mwenzangu akafungua daftari tena, akapekua kurasa kama mtu anayetafuta sindano. "Haijaandikwa, bibi. Ng'ombe hawamo kabisa."

"Basi huyo aliyeandika hajui anachokisema," shangazi akasema, akarudisha uso wake barabarani. Mwenzangu akanitazama mimi. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga mashine, na pindo la sketi ya mtoto wa watu lilikwenda upande.

Jioni ile, kabla sijawasha jiko, shangazi aliniita mkekani.

"Ng'wanone," aliniambia. Ananiita hivyo kwa Kisukuma, mwanangu, akiwa na jambo zito. "Yule karani nani alikuambia?"

"Mama."

"Alikuambia nini?"

Nikamrudia yale maneno ya kwenye mchele, bila kuongeza. Mume wangu alikohoa chumbani, akasikia ukimya, akatoka kwenda kwa jirani. Nampongeza kwa hilo.

"Wale ng'ombe hawakuniuliza," shangazi akasema. "Na wewe hukuniuliza. Watu wanacheka kwenye kibanda, wananiita mwoga, nami nimekaa pale na jicho moja kama kuku."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia nitayachoma madaftari yote manne, jiko ndilo lile pale. Sina hakika kama nilimaanisha. Nadhani nilitaka anikataze.

Hakunikataza wala hakukubali. Alisema, "Utanisomea yote, tangu la kwanza. Nikishasikia nitakuambia kama yataishi au yataingia jikoni. Na nitakuambia kabla sijaondoka."

Daktari alikuwa amesema angeweza kusafiri Alhamisi ya juma hili. Basi nikamsomea, kila siku baada ya kufunga kibanda, mpaka mwanga unapoisha.

Sikujua kama kusoma kitabu chako mbele ya mwenye habari kunaweza kukuvua nguo namna ile. Alinikatiza kila ukurasa.

"Mrefu? Alikuwa mfupi yule. Nilimpita mimi."

"Kwenye riwaya huwa wanakuwa warefu, shangazi."

"Na kofia hii umeitoa wapi? Karani wa pamba alikuwa na pamba kichwani, mpaka kwenye kope. Ukimtazama unadhani mzee."

Mahali nilipoandika kwamba walipendana kwa kutazamana ziwani, alicheka mpaka akashika bandeji. Walipendana kwenye mizani, alisema. Makarani wengine walikuwa wanaegemeza goti kwenye gunia ili uzito usomeke wanavyotaka wao. Huyu alikuwa anarudi nyuma hatua mbili, anaweka mikono mgongoni, anaacha mizani itulie yenyewe, ndipo anasoma namba kwa sauti ili kila mkulima asikie. "Nilimpenda kwa zile hatua mbili," alisema. Nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja za macho na mwezi, na sikuwa na hata hatua moja ya namna hiyo.

Siku ya tatu tulifika gatini. Nikasoma mpaka kwenye lile neno, "aliogopa". Akaniambia nifunge daftari.

Alichoniambia nitakiandika kifupi, maana kwa urefu nimeshakiandika mahali pengine, na mahali hapo si pangu tena.

Ng'ombe wa mahari yake walitoka Tinde kwa miguu, wakafika kwa babu yangu wakiwa wamekonda kwa safari. Hawakukaa zizini hata majuma mawili. Kaka yake, ambaye ni baba yangu, alikuwa amechelewa kuoa kwa kukosa mifugo, na ng'ombe wale wale wakaswagwa kwenda kwa wazazi wa mama yangu. Hakukuwa na uovu ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika nyumba nyingi, binti anaingiza, kaka anatoa. Mama akaja kwetu kama mke. Shangazi alibaki nyumbani akingoja pamba iuzwe ndipo asindikizwe kwa mumewe, na katika kungoja huko ndipo akaonana na karani.

Siku ya meli aliondoka alfajiri na kikapu. Njia ya gatini ilipita pwani wanakonywea ng'ombe wa upande wa kwao mama. Walikuwapo majini. Alimwona mmoja mwekundu mwenye pembe ya kushoto iliyoinamia jicho, ambaye yeye mwenyewe alimwosha vidonda vya safari. Yule ng'ombe akainua kichwa, akatoka majini akamfuata.

"Alidhani nina chumvi," shangazi alisema. "Alinifuata mpaka karibu na maghala. Nikamfukuza, akasimama, nikitembea anatembea."

Akasimama pale kwenye maghala akifikiri. Angepanda meli, watu wa Tinde wangedai mifugo yao. Babu hakuwa na mingine ya kulipa. Ingebidi ng'ombe wale watolewe kwa wazazi wa mama, na wale wangemdai binti yao arudi. "Na mama yako alikuwa ameanza kutapika asubuhi," alisema. "Nilikuwa nimemletea udongo wa kulamba siku iliyotangulia. Ulikuwa ni wewe."

Honi ya meli aliisikia akiwa bado kwenye maghala. Gatini hakufika. Kwa hiyo hata lile tukio langu la mwisho, la kusimama gatini, ambalo wateja walilipenda kuliko yote, halikuwapo.

Nilikumbuka jambo ambalo utotoni lilinichukiza. Kila shangazi alipokuja kututembelea, mama alikuwa anaacha kila kitu na kumkimbilia njiani, anapokea mzigo wake akiwa amepiga magoti, na maziwa ya kwanza yalikuwa ya shangazi, hata baba asubiri. Nilimwona mama kama mtu anayejidhalilisha kwa wifi yake. Nilimwambia hivyo wakati fulani, nikiwa na akili za Shinyanga mjini. Hakunijibu. Alikuwa na haki ya kuniambia yote siku ile, na sijui kwa nini hakufanya hivyo. Labda aliona haikuwa habari yake kuitoa.

Nilimwambia shangazi nitalifuta neno "aliogopa" na kuandika kwamba alijitoa kwa ajili yetu.

"Usinifanye mtakatifu," alisema. "Kuogopa niliogopa pia. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kwetu. Mume wangu naye usimfanye shetani, hakunipiga, na redio alininunulia. Weka ng'ombe. Ukishaweka ng'ombe, mengine watu wataona wenyewe."

Basi Jumapili na Jumatatu niliandika upya daftari la nne, kwenye daftari jipya. Nilifuta zaidi ya nilivyoandika. La zamani niliwashia jiko mbele yake, na niseme ukweli, liliniuma. Kurasa za mwezi zilikuwa nzuri.

Jana bandeji ilitolewa. Na leo shangazi akataka kitu ambacho sikukitegemea: daftari jipya lisomwe kibandani, mbele ya wale wale waliocheka. Nilimwambia si lazima. Akasema, "Kwani nimekuuliza?"

Mwenzangu ndiye aliyesoma. Alianza kwa ile sauti yake ya kuwafanya watu wasogeze vigoda. Kwenye mizani akapunguza mwendo. Ng'ombe walipotoka Tinde alinitazama juu ya daftari, akaendelea. Alipofika kwa yule mwekundu kutoka majini, alikatiza, akaomba maji. Mteja mmoja akampa chupa yake. Akasoma mpaka mwisho, kwenye maghala, honi inasikika kwa mbali, na hakusonya.

Pikipiki mbili zilipita barabarani. Shangazi alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, macho yote mawili wazi, anamtazama.

Mwenzangu akaweka daftari juu ya cherehani. Sikuwa nimemwambia habari hii ni ya nani, naapa. Aliinuka, akapita katikati ya vitambaa, akapiga goti mbele ya kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi."

"Ile ilikuwa ya asubuhi."

Shangazi akamwekea mkono kichwani, akamuuliza kama yule mume wa Kahama alilipa ng'ombe au alilipa maneno. Mwenzangu akasema alilipa maneno, na hata hayo hakumaliza. Wakacheka wote wawili, na wateja wakajua kwamba sasa inaruhusiwa kupumua. Nisimhukumu mwenzangu kwa yale ya mwanzo. Yeye alikuwa na pa kwenda na hakuna mtu nyuma yake ambaye angerudishwa kwao. Aliusoma woga wa mwingine kwa kipimo chake, nami ndiye niliyempa kipimo hicho.

Tulipofunga kibanda nilimuuliza shangazi uamuzi. Nilijaribu kuuliza kama mtu asiyejali.

"Matatu ya mwanzo yabaki kwako," alisema. "Wasomee mpaka ng'ombe wanapofika kwa baba. Hili la nne naondoka nalo."

"Shangazi, sina nakala."

"Najua."

"Na wewe husomi."

"Wajukuu wanasoma. Siku nitakayotaka mimi, nitamwita mmoja, nitamwambia fungua. Nisipotaka, nitazikwa nalo. Watoto wangu wanamfahamu baba yao, na mimi ndiye nitakayewaambia lini kwamba palikuwa na mwingine."

Nilifikiria kubishana. Nilifikiria pia, na hili ni la aibu, kwamba atalala mapema na mimi ningeweza kunakili hata kurasa chache. Nimeona bora niliandike hapa kuliko kulifanya. Daftari limo ndani ya mfuko wake, limefungwa kwenye kanga pamoja na dawa ya matone ya jicho. Wateja watakapouliza mwisho, sijui nitawaambia nini. Miaka mitatu nilitaka riwaya yangu ifanane na zile za kwenye sanduku la Shinyanga, na kweli imefanana nazo kwa kitu kimoja: vitabu vingi vya mle havikuwa na kurasa za mwisho.

Nilipopika nilimwandalia kwanza yeye. Nilipiga magoti kumpa kikombe cha maziwa ya mgando, mume wangu akiwa ameshanawa na anasubiri, akanishangaa. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Sasa umekuwa mama yako," akanywa nusu na kumpelekea mzee nusu iliyobaki.

Tumekula ugali wa mtama, mlenda wenye karanga, na sato mmoja wa kukaanga aliyegawanywa vipande vitatu. Kichwa alikula shangazi.